Nilichomjibu Baba Mdogo Kwenye Arobaini Yako

Baba,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini siwezi kuanza bila kukusalimu.

Arobaini yako tumeisoma juzi hapa nyumbani Chang'ombe. Pilau lilitosha, na ndugu walifika wote, hata wa Kibamba. Kabla watu hawajanawa, Baba Mdogo akatangaza kwamba niache chuo kikuu nikafundishe sekondari, na karakana yako ya kusuka upya nyaya za mota zilizoungua ipangishwe. Hakuniuliza. "Huyu mtoto anasomea taa," akasema. Watu wakacheka.

Niliumia, Baba. Wewe tu ndiye uliyekuwa ukiniuliza kila Ijumaa, "Umefika wapi na ule mwanga wako?" Nami nikakueleza: kuna vitu vinavyopitisha umeme bila kupoteza chochote kwa joto, ila vinataka baridi kali ajabu. Wataalamu wakivipiga kwa leza, kwa muda mfupi zaidi kuliko kupepesa jicho, vinaonyesha dalili za tabia hiyo hata baridi isipotosha. Wengine bado wanabisha. Wewe uliyezoea kugusa mota kwa nyuma ya kiganja ujue umeme unapotelea wapi, ulielewa kabla sijamaliza.

Sikuwahi kukwambia nilikwama wapi. Ulinizoeza kwamba waya mwembamba ukizidiwa, weka mnene. Basi kwenye majaribio yangu ya kompyuta nikawa naongeza mwanga, naongeza tu, miezi mitatu. Kitu kinapata joto, hali yenyewe inatoweka. Kosa la mtoto wa fundi hilo! Wiki iliyopita nikapunguza nguvu, nikachagua mwanga wa aina inayotikisa chembe za kitu hicho sawasawa. Hesabu zikakubali. Nikachukua simu nikupigie, ndipo nikakumbuka. Nililia palepale kitini.

Kwa hiyo juzi nilisimama mbele ya ndugu zako. "Baba Mdogo, nakuheshimu, ila mie chuo siachi. Na karakana naifungua mwenyewe asubuhi, mchana naenda kusoma."

Nikawaeleza kwa ufupi ninachosomea, kama nilivyokueleza wewe. Akaniuliza, "Kitu chenyewe kinadumu kufumba na kufumbua. Kina faida gani?"

Nikamwambia kazi yangu ndiyo hiyo, kukifanya kidumu.

Hakuna aliyecheka tena. Amenuna mpaka leo, na anune. Asubuhi hii nimesuka mota ya pampu, mteja ameichukua bila kuuliza fundi yuko wapi.

Mungu akulaze pema, Baba. Nitamaliza, na jina lako litakaa ukurasa wa kwanza wa tasnifu yangu, wapende wasipende.

Mwanao,
Zuhura