Pikapu Niliyoiunguza Mimi, Nikamsamehe Mke Wangu

Mpendwa mshauri Dada Corinne, naomba msaada, na ukinicheka nicheke kidogo tu maana nina miaka sabini na moja. Mimi na mke wangu Arlys tuliuza nyumba yetu kule Dakota Kusini tukahamia kwenye gari-nyumba, kubwa kama basi, na nyuma tulikuwa tunakokota pikapu ndogo ya kwendea dukani tukishaegesha, na kazi tuligawana tangu siku ya kwanza, mimi nafunga vyuma vya kuvutia, yeye anaweka gia niutro ili magurudumu yazunguke bila kuichosha giaboksi, sasa mwezi wetu wa kwanza barabarani tunatoka mji wa Yuma akaiweka vizuri kabisa akashuka, mimi nikarudi ndani ya pikapu kuchukua chupa yangu ya kahawa na mkono huu kwa mazoea ukaingiza gia, tukaondoka, maili thelathini mbele dereva wa lori akatupigia honi, kuangalia nyuma, moshi! Giaboksi kwisha. Arlys akashika kichwa, "Ni mimi, Verlyn! Nimesahau niutro!" Nami, Dada, kosa langu nililikumbuka palepale, lakini mdomo ukasema, "Basi, mpenzi, yameshapita. Nimekusamehe."

Tangu hapo, miezi sasa, hagusi usukani. Kila Jumanne alikuwa anakwenda kushona mablanketi na wenzake, sasa anakaa tu, eti jua kali. Tunatafuta pikapu nyingine, mimi naitaka ya viti viwili, zamani angenibishia mpaka supu ipoe kwa sababu yeye anataka ya milango minne, abebe wenzake na mbwa wetu, leo ananiambia, "Chagua tu wewe. Mimi nilishaunguza moja." Nimepata nilichokitaka na hakina raha hata kidogo. Jumamosi muuzaji wa hiyo ya viti viwili ananisubiri. Je, nimwambie ukweli kabla, au nikishanunua?

Verlyn, Arizona

Kaka Verlyn,

Ulimsamehe! Jamani, mtu mzima na mvi zako! Nimeishi kwenye gari-nyumba miaka kumi na tisa, nimeona watu wakikokota pikapu hendibreki ikiwa imevutwa, na mmoja aliyeisahau yake kituo cha mafuta, akashtukia jimbo la pili. Kuunguza giaboksi humpata yeyote. Kumwachia mwenzio aibu yako miezi mizima, hilo umelitafuta mwenyewe.

Najua uliogopa, pole. Lakini "nikishanunua"? Ujanja wa nyani huishia jangwani, kaka, na wewe jangwani upo tayari.

Mpigie muuzaji, mwambie Jumamosi huendi. Kisha tafuteni hiyo ya milango minne. Fungueni kitabu cha gari wenyewe, msome kama linaruhusiwa kukokotwa magurudumu yote manne yakiwa chini, maana muuzaji atasema ndiyo kwa kila kitu, hata kwa toroli. Angalieni na uzito ambao gari-nyumba lenu linaweza kuvuta. Zikibaki mbili zinazofaa, Arlys ndiye anayechagua, na ndiye anayeiendesha kwenda kuijaribu. Wewe kaa kiti cha nyuma na mbwa.

Ila kabla ya hayo yote, mwambie. Kesho asubuhi, chupa ya kahawa na yote. Usiseme "sote tulikosea." Usimnunulie maua kwanza. Sema, "Ni mimi niliyeingiza gia, na nilijua siku ileile," halafu funga mdomo. Akinyamaza, kaa hapohapo. Akikufokea mpaka majirani watoke nje na viti vyao, usijitetee, mshukuru Mungu: mkeo amerudi.