Kidole Gumba Kile Hakikusema Poa

Kwako Anti Mueni, uliye huko Pwani,

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, hata Mama. Jumapili ile ulipotupigia simu ya video, Mama alikuuliza, "Sasa unarudi majini lini?" Ukatabasamu, ukainua kidole gumba. Nyumba nzima ikapiga makofi. Susu, mama yako, akasema, "Asifiwe Mungu, binti yangu anarudi kazini!" Hata Mama Kevo wa mlango wa pili, aliyekuja tu kuomba kitunguu, akashangilia. Mimi peke yangu nilijua hukusema poa. Ulisema unapanda. Umemaliza.

Nilijua kwa sababu ni wewe uliyenifunza ishara za wapigambizi. Nilikuwa darasa la tano, siongei mbele ya watu. Mwalimu akiniuliza kwa Kiingereza, kimya. Akirudia kwa Kiswahili, kimya tena. Ukaja likizo hapa mtaani kwetu Kaloleni, ukaniketisha mlangoni, ukasema, "Wewe unafaa kazi yangu kabisa. Kule chini hakuna anayeongea." Ukanionyesha duara la vidole: niko sawa. Kiganja kinachoyumba: kuna shida. Ngumi kifuani: hewa inaniishia. Kidole gumba juu: tupande.

"Lakini hiyo si ni poa?" nikauliza.

"Hapa mtaani ni poa. Mimi pia nilidhani hivyo." Ukanisimulia ulivyoona kasa kwa mara ya kwanza, ukiwa bado mwanafunzi. Kwa furaha ukamwinulia mwalimu wako kidole gumba. Akakushika mkono, akakupandisha hadi juu, akakuuliza una shida gani. "Ushamba wa Kaloleni, Mutua, niliubeba hadi chini ya bahari."

Tulicheka sana siku hiyo. Kesho yake kanisani mahubiri yakawa marefu, nikakuangalia, nikaweka ngumi kifuani. Ukaweka yako. Susu akatufinya wote wawili. "Nyinyi mna pumu?"

Susu hakuwahi kuielewa kazi yako vizuri, lakini aliipenda kuliko sisi sote. Ulipoanza kuhesabu matumbawe na samaki kwa ajili ya wanasayansi, ukiwa na ubao wa plastiki na penseli inayoandika majini, alikuuliza, "Na hao samaki wakikataa kuhesabiwa?"

"Tunaanza upya, Mwaitu," ukamjibu mama yako.

Baadaye ukaenda kina ambacho wenzako wengi hawafiki, na mitungi minne na hewa iliyochanganywa na heliamu. Uliniambia kushuka si kazi, kazi ni kupanda. Unashika kamba, unasimama njiani, unangoja gesi itoke mwilini polepole. Jua unaliona pale juu, na huruhusiwi kulifuata. Ukiharakisha, damu inatoa povu kama soda iliyofunguliwa ghafla. Nilikuwaza sana pale kwenye kamba, bila simu, bila mtu wa kuongea naye. Nilidhani ningeiweza kazi hiyo.

Halafu mwaka jana gesi ikakataa kutoka, ingawa ulingoja ipasavyo. Miguu ikafa ganzi, wakakuingiza kwenye chumba cha presha ili gesi itoke. Walipotupigia, Mama alisimama na simu jikoni mpaka ugali ukaungua, na hakuna aliyeuepua. Tangu siku hiyo, simu ya Mama ikilia, mimi huacha chochote ninachofanya.

Ulipopona na kutembea tena, nilidhani basi. Kumbe hapa nyumbani swali likawa unarudi lini. Picha yako na mitungi bado iko juu ya televisheni, kwenye kitambaa cha Susu cha kushona kwa mkono, na kila mgeni lazima aonyeshwe.

Uliniambia kuna sheria moja isiyobishaniwa. Mtu yeyote anaweza kuinua kidole gumba wakati wowote. Mwenzake haulizi kwa nini. Anainua chake, wanapanda pamoja. Ndiyo maana Jumapili ile nilisimama nyuma ya bega la Mama nikainua changu. Ulinitazama mpaka macho yako yakajaa maji. Mama akacheka, "Ona hawa, wanasalimiana kwa gota kupitia simu!"

Leo asubuhi nimesoma ujumbe wako: "Asante kwa kunijibu. Nikivaa mitungi siku hizi naivua tena kabla ya kuingia majini. Nimepata kazi ya kuwasimamia wapigambizi nikiwa juu ya boti, na nitafundisha wanafunzi. Lakini nitamwambiaje Mwaitu? Atavunjika moyo."

Anti, niliusoma mara tatu. Muda mfupi baadaye simu ya Mama ikalia, na mimi nikaendelea kula mandazi yangu. Niliyamaliza yote.

Na kuhusu Susu, wewe hukuwa hapa siku ugali ulipoungua. Alichukua ile picha akaigeuzia ukuta. Akasema hataki kuiona mitungi hiyo, anataka mtoto wake. Aliigeuza tena siku ulipotoka kwenye kile chumba. Anashangilia kwa sababu anadhani ndicho unachotaka wewe. Nawe unaogopa kwa sababu unadhani ndicho anachotaka yeye. Mnahitaji mtu wa kuongea katikati, na bahati mbaya yenu ni kwamba mtu huyo ni mimi.

Nasikia patapata za Mama zikichapa sakafu, anakuja. Siku zote mimi hufunika ukurasa kwa kitabu cha Kemia, naye hudhani namwandikia msichana. Leo kitabu nimekiweka chini ya kitanda. Akitaka kusoma, asome. Akiuliza, nitamjibu kwa mdomo wangu, hata kama sauti itatetemeka: Anti amepanda, Mama. Yuko juu, na yuko salama.

Amefika mlangoni. Sifuniki.

Mpwa wako, mwenzako wa kupanda,
Mutua