Oda za Miche Elfu Tisa Zilipotea Sabato Ilipoisha

Mshauri, naomba unisaidie, na sitazunguka. Jumamosi ya tarehe kumi na nne Machi, jua lilipozama tu, nilipoteza oda za miche elfu tisa ya ndizi, na mpaka leo hakuna aliyenieleza kwa nini.

Nina kitalu hapa Ogembo, nilikianza na vitanda viwili nyuma ya jiko la mama, na sasa nauzia vikundi vya wakulima mpaka Birongo na Marani. Mwaka jana nikamwambia Ronny, mtoto wa dada yangu aliyesomea kompyuta, anitengenezee mfumo ambao mkulima anaingia kwa simu yake, anachagua aina ya mche, idadi na siku ya kuchukua, na kwa sababu miche haiwatoshi wote kila msimu, anayewahi ndiye anayepata. Mimi ni Msabato na wateja wangu wengi ni Wasabato, kwa hivyo mfumo unafungwa Ijumaa jioni na wiki ya oda inafunguliwa Jumamosi jua likizama.

Sasa sikia. Kabla ya kufungua nilimwambia Ronny apime, sitaki aibu, na hesabu nilimpa mimi mwenyewe, maana kwa hesabu sidanganywi: wateja elfu mbili na mia nne kwa wiki ya oda, gawanya kwa siku sita, gawanya kwa masaa kumi ya siku, ni arobaini kwa saa. Akatengeneza watu bandia arobaini ndani ya kompyuta, wakaingia wote pamoja, kila ukurasa ukafunguka chini ya sekunde mbili, akauacha mfumo hivyo usiku kucha na haukutetereka, akaniletea ripoti ya kijani tupu, nami nikatulia.

Jumamosi hiyo, robo saa ya kwanza tu, waliingia watu elfu moja na mia moja. Kwenye simu zao kiduara kikazunguka tu, wakabonyeza tena na tena, mzee mmoja wa Marani akajikuta na oda tatu za miche ile ile, wengine wakaambiwa wamepata na hawajapata, kisha kila kitu kikazima na oda zilizokuwa ndani hazikuonekana tena. Mvua inanyesha na miche yangu inarefuka kitaluni bure.

Nilipomuuliza Ronny alinijibu, "Mama mdogo, mfumo ulipita. Ni watu wako wanabonyeza kama wanakamua ng'ombe." Wateja wangu ndio anaowatukana, mshauri. Sasa anataka nikodi seva kubwa zaidi, na nikiuliza ya nini ananimwagia majina, jaribio la mzigo, la kuzidiwa, la ghafla, la ustahimilivu, utadhani anasoma dawa za duka la famasi. Dada yangu Nyanchoka naye amepiga simu kusema namwaibisha mtoto wake. Na Bathsheba, mwenyekiti wa vikundi vya Birongo, alikuja mpaka langoni akaniambia kwa upole, na upole huo ndio ulionichoma, "Joyline, tutajaribu kwako mara moja tena. Mkianguka, tunahamia kwingine." Hiyo mara moja ni Jumamosi hii. Je, Ronny ananidanganya? Nimwambie apime nini?

Joyline, Ogembo

*

Joyline, pole. Hasira yako ni ya haki, lakini nusu yake umeielekeza pabaya.

Ripoti ya Ronny haikudanganya. Ilijibu swali ulilompa, na swali ndilo lililokuwa bovu. Ulichukua umati wa Jumamosi jioni ukautandaza juu ya masaa sitini, ukapata arobaini. Huo ni wastani, na wastani hauna simu wala hausubiri jua lizame. Wewe mjuzi wa hesabu, ni lini uliona wateja wako wa siku ya kwanza wakija kwa zamu?

Lakini Ronny asijifiche nyuma yako. Amekulia hapa. Anajua mlango wa duka la Msabato unavyokuwa Jumamosi jioni. Kazi ya fundi ni kuuliza watu watakujaje, si kupokea namba ya mama mdogo na kuipaka rangi ya kijani. Na kuwacheka wakulima ni ukosefu wa adabu. Mtu asipojibiwa hubonyeza tena. Mfumo ndio unaotakiwa kutambua kwamba oda ni ile ile.

Yale majina ni ya kweli, kila moja lina wakati wake. Alilofanya ni jaribio la mzigo: watu wa siku ya kawaida, uone kama wanahudumiwa haraka. Hilo linakufaa Jumatatu na Jumanne. Kuuacha usiku kucha ni la ustahimilivu, kwa sababu ipo mifumo inayochoka polepole bila mtu kuona. Usiku mmoja ni mfupi kwa mfumo wa siku sita, ila hilo linaweza kungoja.

Ulilonyimwa ni jaribio la ghafla. Mfumo uko mtupu, umati wote unaingia kwa mpigo, kisha unaondoka, nawe unatazama nani alihudumiwa, oda gani ilipotea, na mfumo ulichukua muda gani kurudi kawaida. Hilo ndilo lako. Liambatane na la kuzidiwa: anaongeza watu makusudi mpaka mfumo ushindwe, mjue kikomo chenu na mwone unashindwa vipi. Kumwambia mkulima asubiri kwenye foleni ni kushindwa kwa heshima. Kumeza oda yake ni wizi.

Seva usikodi bado. Apime kwa hii mliyo nayo, kisha aombe kubwa ya majaribio apime tena. Wanaohudumiwa wasipoongezeka, shida iko kwenye kazi yake, si kwenye mashine. Na dada yako mwambie walioaibishwa ni wakulima.

Jaribio lifanyike Alhamisi, kwenye nakala ya mfumo. Wakulima wa Birongo wameshajaribiwa bila kuombwa, inatosha. Watu bandia wawe elfu mbili, maana safari hii watarudi na waliokosa, na wabonyeze mara mbili mbili kama binadamu. Mfumo ukishindwa, usifungue. Mpigie Bathsheba kabla ya Sabato kuingia, mkubaliane oda zipitie kwa wenyeviti, kikundi kimoja baada ya kingine. Atakuheshimu zaidi kwa hilo kuliko kwa ripoti.

Leo hii mwandikie Ronny swali moja: watu elfu mbili wakiingia ndani ya robo saa, oda ngapi zitapotea? "Itakuwa sawa" si jibu. "Seva kubwa" si jibu. Unataka namba, na unaitaka Ijumaa kabla ya saa sita mchana.