Mjukuu wa Upande wa Binti

Jumatatu, 28 Januari 2019

Da-in amepata chuo! Uhandisi wa roboti, huko Daejeon. Mama yake, binti yangu, kapiga simu akilia kwa furaha, kisha akalia kwa jambo jingine: ada isipolipwa kabla ya katikati ya Februari, nafasi anapewa mwingine.

Jioni mjukuu wangu amekuja na simu yake, tukatafuta ufadhili. Wa serikali umemkataa – boti la baba yake linahesabiwa kuwa mali, ingawa limelala hapa Sokcho bila injini. Wa kampuni moja ya roboti ulifungwa Novemba.

Ndipo nikakumbuka Chama. Sisi wa wilaya moja ya kaskazini, tuliovuka kuja kusini wakati wa vita kabla mpaka haujafungwa, tuna mfuko wa wajukuu wanaosoma sayansi. Mwaka jana hakuna aliyeomba.

Jumatano, 30 Januari

Nimekwenda kwa mwenyekiti wa Chama, Tong Gi-seop. Tulivuka kwa meli moja, yeye mgongoni mwa mama yake. Mpaka leo ananiita dada.

"Dada, mfuko ni wa watoto wa wana wetu wa kiume. Binti akiolewa ni wa kwa mumewe. Nawe mumeo alikuwa mtu wa kusini."

"Na mimi ni mtu wa wapi, Gi-seop? Wa mbinguni?"

"Usinichokoze. Kanuni waliiweka baba zetu."

"Baba zetu walidhani tungerudi baada ya wiki!"

Akacheka, akanimiminia chai ya shayiri. Atawauliza wazee wenzake. Hakuahidi.

Jumamosi, 2 Februari

Theluji. Hakuna jibu. Nimemfundisha Da-in kuchachusha samaki kwa uwele, kama kwetu. Akauliza joto gani linafaa. Joto la chumba cha bibi yangu, nikamwambia. "Hicho si kipimo, Bibi."

Kweli. Na chumba chenyewe nani atakipima sasa?

Jumanne, 5 Februari

Mwaka Mpya wa kalenda ya mwezi. Naandikia ukumbini kwa Chama, baridi imenikaza vidole.

Asubuhi tulikwenda ufukweni kuinama kuelekea kaskazini, kwenye makaburi tusiyoyafikia. Safu ya mbele ni ya wanaume; mmoja hupiga magoti na kuwamwagia mababu pombe ya mchele. Leo safu ilikuwa wazee watatu. Wana wao wa kiume wapo Seoul. Wajukuu, inasemekana, wamekwenda kuteleza kwenye theluji Japani. Gi-seop alijaribu kupiga magoti – goti lake la operesheni likagoma. Wenzake wawili wana mikongojo.

Akageuka nyuma, tulikosimama wanawake. "Wewe mtoto, Da-in. Njoo umimine."

Da-in akavua viatu, akapanda mkekani, akapokea kikombe kilichojaa pombe kwa mikono miwili. Kisha, kwa adabu kabisa: "Babu, nikimimina, ninamimina kama mtu wa wilaya, au kama mgeni?"

Mke wa mzee mmoja nyuma yangu akanong'ona: mtoto huyu ana ulimi wa bibi yake!

Gi-seop akachukua kikombe, akasema twende ndani kwanza, supu inapoa.

Sasa wazee watatu wamejifungia chumba kidogo kuamua swali la Da-in, na la mfuko pamoja nalo. Nasikia sauti zinapanda, zinashuka. Da-in anakula supu, ananyoosha mguu uliokufa ganzi. Kikombe kiko mezani mbele yangu, kimejaa hadi ukingoni. Mababu hawajanywa bado, na hakuna anayethubutu kukigusa.