Viatu vya Toleo la Nne

Jumatatu, 10 Juni
Toleo jipya la viatu vya mbio limefika dukani! Meneja Tokunaga anataka niwaandikie wateja kadi ya kulinganisha toleo hili na la tatu, kabla ya mbio za mlimani za tarehe 23. Nimekimbia navyo hadi hekaluni na kurudi. Vyepesi. Kisigino kinene zaidi, magoti yameshukuru. Kitambaa hakikai na maji kama cha toleo la tatu. Mpira wa soli, sasa wa manjano, mgumu zaidi – utadumu. Ule wa zamani ulinata hata kwenye jiwe lenye ukoga, ila uliisha baada ya miezi minne.

Kwenye kadi kuna mstari wa "jiwe lenye maji". Wiki mbili hakuna mvua. Nikaandika: sawa na toleo la tatu. Kampuni ni ileile, wangeharibu kwa nini?

Jumamosi, 15 Juni
Kadi yangu imezunguka klabu nzima ya wakimbiaji. Watu kumi na mmoja wamenunua, wa kwanza mume wangu Kiyotaka. Kavivaa jioni hii, akatoka navyo moja kwa moja. Mama mkwe akapiga kelele: viatu vipya havitoki nyumbani jua likizama, hivyo ndivyo wanavyotoka wabeba maiti! Apake masizi kwenye soli kwanza, kuondoa mkosi.

"Masizi nitoe wapi, Mama? Tunapikia umeme."

Nami nilicheka.

Alhamisi, 20 Juni
Mvua tangu juzi. Nimekwenda kwenye njia ya mbio, pale kwenye jabali lenye mnyororo wa kupandia – mguu wa kulia toleo la tatu, wa kushoto la nne. Nimejikuta chini, kiwiko kinatoka damu. Nikarudia mara tano. Wa kushoto umeteleza mara nne. Wa kulia haukuteleza hata mara moja!

Nimemwambia meneja. Akatazama saa. Eti zimebaki siku tatu, tusiwasumbue watu, kadi atairekebisha wiki ijayo. Nikainama, nikaomba radhi kwa usumbufu. Mimi ndiye niliyeomba radhi! Najichukia.

Jumamosi, 22 Juni
Mvua. Nimemweleza Kiyotaka yote. Nikamtolea vile vya zamani, nimeviosha, nimevitia kamba mpya. Kavishika muda mrefu.

"Wenzangu kumi wamevaa vipya kwa neno lako, Sumie. Mimi mumeo nikisimama mstarini na vya zamani, wewe uso utauweka wapi?"

"Basi niwapigie simu wote."

"Uwaambie nini? Kwamba uliandika bila kujaribu?"

Simu ilikuwa mkononi. Nikaiweka chini. Yeye akavirudisha vya zamani kabatini, taratibu, kama anayeogopa kuniamsha. Mama mkwe kamfungia begani kengele yake ya kufukuzia dubu mlimani, ile ya shaba yenye ufa, inayolia kama kifuniko cha sufuria.

Jumapili, 23 Juni
Niko juu ya jabali, mnyororo unapoishia, na mzee Hagiwara wa uokoaji. Kazi yangu kuandika namba za wanaopita. Ukungu, mvua haikati. Kila nikiona soli za manjano napiga kelele, "Mikono miwili! Viatu vinateleza!" Wanafika, wananiinamia, wanashukuru kwa kazi ngumu ninayowafanyia. Mama mmoja wa klabu kapita goti limechanika. "Samahani kwa kukusumbua," kaniambia. Ananiomba radhi mimi!

Saa tano na nusu. Jozi kumi za soli za manjano zimepita. Bado moja.

Nasikia kengele! Kifuniko cha sufuria, chini kwenye ukungu. Nimemwita. Nimemwita tena. Haitiki.

Kengele inalia, lakini haipandi.

Hagiwara kashuka na kamba. Kaniambia nisisogee, nisifanye lolote, niandike saa tu.

Tano na dakika thelathini na nne. Inalia palepale.

Thelathini na sita. Palepale.

Thelathini na tisa. Siisikii tena.