Bibi, Uliniweka Ndani Mara Mbili

Mpendwa Bibi,

Shikamoo. Najua huwezi kuitikia, lakini siwezi kuanza bila kukuamkia.

Unakumbuka nilipovunja ungo kule Mgeta? Ulicheka mpaka ukakaa chini. Mjukuu wa kike nilikuwa mimi tu, na kwetu Waluguru ukoo unakwenda kwa wanawake. Ukaniweka ndani, nikawa mwali, na siku ya kutolewa ngoma ilisikika mpaka ng'ambo ya korongo. "Mke mwenzangu," ulinitania, "sasa niletee vitukuu, mimi nimechoka."

Halafu damu haikurudi. Kila mwezi uliniuliza kwa sauti ndogo, "Umeona?" Nami nakujibu, "Sijaona, Bibi." Mama mdogo akadai nina mimba. Mkunga akanibonyeza tumbo, hakukuta kitu. Nikanenepa, chunusi zikanijaa, ndevu zikaniota kidevuni. Miaka hiyo nguo za mitumba ndiyo kwanza zilikuwa zimefurika mjini. Ukawauzia kabichi wenye malori ya Dar, ukarudi na sweta la shingo ndefu. Ukanivutia shingo yake mpaka kidevuni. Nililivaa hata juani.

Ukaamini tulikosea mila. Ukaniweka ndani tena, wenzangu wakarudi shule. Mwali halii ovyo, kwa hiyo sikulia. Mle gizani nikaanza kutamani nisiamke. Uliponiletea uji nilikuambia, "Bibi, nimechoka kuishi." Ukanishika kichwa. "Vumilia, mwanangu, utatoka ukiwa mwanamke." Nilitoka vilevile.

Ulikuwa umeshafariki daktari wa mjini aliponiambia kuwa ni homoni, mayai hayapevuki, na hakuna mila iliyokosewa. "Wasichana wengi wana ugonjwa huu," alisema, "na unaumiza mpaka moyo." Nililia palepale mbele yake, kilio cha miaka yote ile. Ningekuwa nawe, ungesikia kwamba hatukukosea, wewe wala mimi.

Vidonge nameza. Kuna asubuhi bado nashindwa kutoka kitandani. Watu huniambia nishukuru nina uhai, nao hawajui kwamba uhai wenyewe ndio unaonilemea.

Juzi wajomba walinijia nyumbani. Walitaka kujua shamba lako nililorithi nitamwachia binti gani. Nikawaambia wasubiri kidogo. Walipoondoka nikakaa kizingitini, nikajiuliza nimewaambia wasubiri nini.

Lala salama, Bibi. Sikulaumu, ila ninaumia.

Mjukuu wako,
wa mwisho wa ukoo wa tumbo lako