Si Wewe Uliyeandika

Pipeline, Embakasi
Jumapili

Kwa dada yangu Ndete,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu. Natumaini mguu wa mama umepata nafuu na mvua ya Kitui haijawatupa. Sisi tuko, ila Mutie anaota meno na mimi nalala kwa vipande. Simu zangu hushiki, barua pepe huziamini tena, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Dada, ile barua pepe ya kujiuzulu na kumtukana mkuu wetu Mwalimu Gordon, sasa shule nzima inajua si wewe uliyeandika. Javan, fundi wa kompyuta, alifungua sehemu yake iliyofichika akaonyesha ilitoka kwa mashine isiyo yetu kabisa. Alisema jina la mtumaji ni kama jina la nyuma ya bahasha, yeyote anaweza kuandika la mwenzake. Nani alifanya hivyo, bado hatujui.

Tumeziba hilo pengo. Kwa lile jina la shule linalofuata alama ya @, tumeweka rekodi tatu. Moja inataja mashine zinazoruhusiwa kutuma barua kwa jina letu, nyingine inasaidia kuthibitisha muhuri wa kompyuta unaobandikwa kwenye kila barua yetu, na ya tatu inaagiza barua ya uongo ikataliwe huko inakoenda. Niliziandika mimi karani, mtoto mgongoni, herufi moja moja.

Na nikakosea! Nilisahau kwamba matangazo ya wazazi hutumwa kupitia kampuni nyingine. Tangazo la Mwalimu Gordon likakataliwa kila mahali. Alikuja mbio akiuliza kama nimemfuta kazi kwa shule yake mwenyewe. Javan akamwambia asinune, rekodi zile ni bawabu, na bawabu amefanya kazi. Akech wa jikoni alicheka hadi uji ukamwagika. Tuliongeza kampuni ile kwenye orodha, mambo yakanyooka.

Sasa lile linalonikaba. Asubuhi ya barua ile, kabla hujafika, Mwalimu Gordon aliniita akaniuliza kama maneno yale ni yako. Niliona jina lako na anwani yako. Niliona pia “nimechoka na yeye,” maneno uliyoniambia ukipika chapati kwangu. Nikamjibu ndiyo, ni yeye. Hakutafuta ushahidi mwingine, akakuondoa kazini. Uliponililia hapa kwangu nilikufuta machozi, na nikakuficha nililomjibu.

Juzi niliyasema hayo mbele ya walimu wote. Sikutaka uyasikie kwa mwingine.

Humu ndani kuna barua ya Mwalimu Gordon ya kukuomba radhi. Darasa la pili linakungoja muhula ukifunguliwa. Usikatae kazi yako ili kuniadhibu, hilo sitalikubali. Hasira ni haki yako, dada, lakini njoo uitoe hapa hapa, mbele yangu. Sitajitetea.

Msalimie mama, mwambie Mutie anamtafuta bibi.

Ni mimi mdogo wako niliyekukosea,
Kathini